Kaburi la Getini

Gari la baraza la jiji lilipoingia, Fundi Shimo alikuwa amezama hadi kiunoni kwenye kaburi la kule nyuma bondeni, akichota maji kwa kopo, na maji yanarudi palepale. Fundi Shimo ni jina walilompa watu. Wakipishana naye njiani humwambia, "Usinipime kwa macho bwana, mimi bado nipo nipo kwanza!" Naye hucheka. Asubuhi hiyo hakucheka.

Walishuka madiwani wawili. Mmoja alikuwa amefiwa na mama yake. Wa pili alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira, na ndiye aliyekuwa na mdomo.

"Mama hazikwi huku kwenye matope," mwenyekiti alisema. "Wageni wanakuja na viatu vyao. Tunataka pale getini."

"Poleni na msiba, waheshimiwa. Lakini getini pamejaa."

"Pale je?" Alinyoosha kidole kwenye kijikaburi kilichozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa.

Fundi Shimo aliweka kopo chini. Kaburi lile alilichimba mwenyewe. Alilala humo mtoto wa mdogo wake wa kike, aliyekufa kabla hajaota meno, na mawe yale mama mtu aliyapaka chokaa kwa mkono wake.

"Yule ni mpwa wangu, mheshimiwa."

"Kichanga kinachukua nafasi gani? Kishushe chini zaidi, mama akae juu yake."

"Mama alipenda sana watoto," diwani mfiwa alisema kwa upole, akifuta macho. Alikuwa analia kwelikweli, na hapo ndipo Fundi Shimo alipozidi kuchanganyikiwa.

"Kufukua kaburi mpaka kibali cha mahakama," alisema. "Na makaburi yako chini ya bwana afya, si madiwani. Ngoja nimpigie."

"Mpigie. Halafu uniambie, hicho chumba cha getini mnacholala wewe na mkeo na huyo mdogo wako, alikijenga baba yenu?"

Bwana afya alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa. "Kaka, hayo ni mambo ya wakubwa. Mimi sijasikia kitu." Akakata simu.

"Kama huwezi, sema," mwenyekiti alisema. "Tingatinga la barabara liko hapo nje."

Loo! Hilo ndilo lililomvunja. Tingatinga lingemzoa mtoto pamoja na mawe. Bora mkono wa mjomba, alijiambia, na papo hapo akajionea aibu. Akachukua koleo. Udongo wa mwisho aliutoa kwa viganja. Alivua shati, akakifunga nalo kile kisanduku cha mtoto kilicholegea, akakichimbia chini zaidi na kukifukia. Mawe ya chokaa aliyarundika nyuma ya choo.

Maziko yalikuwa alasiri hiyohiyo. Mdogo wake alikuwa kazini, hospitalini, anakofua mashuka. Fundi Shimo alikusudia kumsubiri barabarani, amweleze kabla hajafika, lakini mwenyekiti alimtia kamba ya jeneza mkononi.

"Wewe huendi popote. Shusha."

Alishusha, macho getini. Walikuwa wanamalizia kufukia alipomwona mdogo wake anaingia, sare bado mwilini. Alilitazama turubai, akavitazama viti, akatafuta mawe yake. Halafu akapiga ukelele, akaanguka kwenye udongo mbichi.

Wanawake walimdaka. "Jamani, alimpenda marehemu huyu!"

"Kaka," alisema, sauti imekauka. "Umempeleka wapi?"

"Yuko hapohapo. Chini yake."

Mwenyekiti alimsogelea Fundi Shimo sikioni. "Mwambie alie kama wenzake, au mlale nje leo."

Diwani mfiwa hakusikia lolote. Alimwinua mdogo wa Fundi Shimo, akamshika mikono yote miwili, na mpiga picha akawahi. "Asante, dada yangu. Asante kwa kunililia mama." Akaamuru apewe kiti cha mbele, pamoja na familia.

Yalipogawiwa mashada ya maua, naye alipewa lake. Alilishika muda mrefu. Kisha akaenda kuliweka chini kabisa, pale lilipokuwa jiwe lake kubwa la chokaa, akalikandamiza kwa kiganja ili lisidondoke.

Mwanamke mmoja wa familia alimfuata, akaliokota.

"Huko ni miguuni, mpenzi," alimwelekeza taratibu. "Marehemu kalala kichwa huku." Akalihamisha, akaliweka juu ya mengine.