Kulungu wa Hewa

Mwenyekiti wa chama cha wapiga shabaha hakuwa mtu wa kupiga hodi. Siku hiyo aliingia karakana ya Fundi akitanguliza tumbo, akasukuma kando tupa na bisibisi, akakaa juu ya meza ya kazi utadhani kiti kimekatazwa.

"Mwanangu, tumechoka na makaratasi," alisema. "Kila mwaka duara nyeusi, duara nyeusi! Mtu analala kifudifudi juu ya mkeka, raha mustarehe, anatoboa karatasi, anapewa kikombe. Hayo nayo ni mawindo? Tunataka shindano linalofanana na mawindo yenyewe. Watu wapande, wahenyeke, mnyama awe amejificha nusu. Na wewe ndiye utakayelipanga."

Fundi aliweka chini mtutu aliokuwa akiusafisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa bunduki pekee pale mjini, na alikuwa na maradhi yasiyo na dawa: ukimwonyesha kitu, atataka kujua kinavyofanya kazi hata kama ni mlango wa jirani. Kazi kama hii angeifanya hata bila kuombwa.

"Nitalipanga, baba mdogo," alisema. Alimwita hivyo kwa kuwa mzee huyo na baba yake walikuwa chanda na pete tangu ujana wao.

"Ila nakuomba," Mwenyekiti akasema akishuka mezani, kicheko kimeshamjaa mashavuni, "usituwekee kulungu wa hewa kama yule wa baba yako!" Akatoka zake, na kicheko chake kikasikika hadi barabarani.

Hilo ndilo jina walilombandika baba yake, Kulungu wa Hewa. Zamani, Fundi akiwa bado shuleni, wazee hao wawili walikwenda kuwinda pamoja, kibali mkononi. Kutoka juu ya ukingo baba yake alimwona kulungu dume amesimama ng'ambo ya bonde, kando ya mti. Akalenga, akafyatua, na kwa maneno yake mwenyewe akamwona anaanguka. Mwenyekiti wakati huo alikuwa ameinamia chupa ya maji, hakuona kitu. Wakashuka wote wawili mbio, wakavuka bonde, wakapanda upande wa pili hadi penye mti. Kulungu hakuna. Damu hakuna, hata unywele mmoja hakuna. Baba yake akauzunguka mti ule kama mtu aliyepotewa na mtoto sokoni, akisema, "Huu mti si ule. Jamani, huu mti si ule." Mwenyekiti alicheka mpaka akakaa chini. Giza likaingia, wakarudi mikono mitupu.

Basi ikawa balaa. Mwenyekiti aliisimulia harusini, akaisimulia hata msibani, mtu wa ajabu yule. Mtu akikosea nyumba anaambiwa, "Au mti umehama?" Watu wana midomo, na wakipata la kutafuna hawatemi. Baba yake hakuwinda tena. Bunduki yake ilibaki karakana kwa binti yake, imetundikwa ukutani, inapakwa mafuta na haitumiki.

Na Fundi? Fundi alikuwa tayari kumrukia yeyote anayemwita baba yake mwongo. Lakini akiwa peke yake na tupa zake, hakuwa na hakika. Mtu anawezaje kumwona mnyama akianguka kwa macho yake, kisha asipaone alipoangukia? Swali hilo lilikuwa limemkaa kooni miaka yote. Na sasa, kicheko cha Mwenyekiti hakijaisha barabarani, akang'amua kwamba ni swali linaloweza kupimwa.

Jioni alikwenda kwa baba yake. Mzee alikuwa amekaa barazani na Shangazi, dada yake, redio imefumuliwa miguuni pake vipande vipande. Fundi akaeleza vituo vyake vya shindano. Kimoja, mtu anapanda kilima kwa haraka na kulenga angali anatweta. Kingine, sanamu ya mbao ya mnyama imezibwa na kichaka, linaonekana bega tu. Mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, hata akashauri kichaka kiwe cha miiba, ili wasikisogelee.

"Na cha mwisho," Fundi akasema, "mtu atapiga kutoka ukingoni hadi ng'ambo ya bonde. Sanamu ikipigwa inaangukia majanini, haionekani tena. Halafu mpigaji anaacha bunduki yake tupu, anakwenda kwa miguu, anachomeka kibendera pale anapoona mnyama ameangukia. Mwenye kibendera cha karibu ndiye mshindi."

Mkono wa mzee ulisimama juu ya redio. "Hicho kitoe."

"Kwa nini, Baba?"

"Nimesema kitoe. Weka swala anayekimbia. Weka chochote."

"Lakini wakipotea wao pia, si jina lako litasafishika?"

"Nani kakwambia nataka kuoshwa?" Mzee akaja juu kiasi kwamba skrubu zikamwagika. "Ukikijenga, mimi huko hunioni!"

"Usimlaumu, mwanangu," Shangazi akasema huku akiokota skrubu. "Kaka yangu akikasirika hivi, ujue pameguswa."

Fundi alirudi kwake akijiuliza njia nzima. Mtu anayesema kweli anaogopa nini kupimwa? Ikiwa wapigaji wote watakwenda moja kwa moja hadi kwenye sanamu, basi baba yake aliwadanganya, na ndiyo maana anakwepa. Angeweza kukiacha kituo kile, na hakuna ambaye angejua. Alijaribu kukiacha. Akachora swala anayekimbia, akamfuta. Yale maradhi yake yalikuwa yamepanda, na sasa yalikuwa na woga ndani yake.

Akatafuta mahali, akazunguka vilima vilivyo nyuma ya uwanja wa shabaha hadi viatu vikalia. Mwishowe akapata ukingo unaotazama bonde, na ng'ambo yake miti miwili ya sura moja, mmoja chini kidogo, wa pili juu yake. Akasimika sanamu kando ya ule wa juu. Kisha akashuka na kuvuka mwenyewe kuona kama atapotea. Upuuzi mtupu! Aliyeficha kitu atapoteaje? Ikambidi angoje siku ya shindano kama wengine.

Siku hiyo watu walifika kwa wingi, wengine wakiwa na kofia mpya kabisa. Kwenye kilima walihema kama mvukuto. Kwenye kichaka cha miiba karani mmoja alikwaruzwa sikio akatukana, kisha akaomba radhi kwa kichaka. Fundi hakuyasikiliza sana. Macho yake yalikuwa kwenye kituo cha mwisho. Huko waliosubiri zamu walikaa nyuma ya kilima wasione, na kila kibendera kilipopimwa kiling'olewa, sanamu ikasimamishwa upya.

Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, mkono wake mtulivu kwa sababu za wazi. Alifyatua, sanamu ikalala. Akaacha bunduki, ikakaguliwa, akashuka bondeni akipiga mluzi. Kule chini mluzi ulikatika. Akatokea upande wa pili, akatazama kushoto, akatazama nyuma alikotoka, kisha akaenda hadi mti wa chini na kuchomeka kibendera kwa madaha yote.

Moyo wa Fundi uliruka. Lakini mmoja si ushahidi. Akaja karani wa sikio lililokwaruzwa, naye akakwenda karibu kabisa na sanamu, tobaa! Moyo ukarudi chini. Alipoulizwa, karani alisema aliona jiwe jeupe karibu na mnyama, akalishika hilo jiwe moyoni asiliachie. Waliomfuata karibu wote waliishia mti wa chini. Mmoja aliukosa hata huo, akachomeka kibendera katikati ya majani matupu, akakaa kuvuta pumzi.

Fundi alisimamisha upigaji, akashuka hadi kitako cha bonde kujionea. Akainua macho, na hapo akaelewa. Kutoka chini, mti wa juu ulikuwa umejificha nyuma ya mgongo wa ardhi. Ulionekana mmoja tu, na ulikuwa umesimama palepale ambapo kichwa cha mtu kingeutarajia. Ungeapa ndio wenyewe. Fundi alisimama pale akicheka peke yake, machozi yanamlengalenga kwa furaha.

Aliporudi juu, zamu ilikuwa ya Mwenyekiti. Alifyatua vizuri, hilo hatumnyimi. Akashuka akipunga mkono kwa umati, akavuka, akapanda, akafika mti wa chini. Akainama, hakuona kitu. Akazunguka. Akaenda kulia, akarudi, akazunguka tena. Umati ulianza kunong'ona. Ndipo akageuka, akaweka mikono mdomoni na kupaza sauti ikafika ng'ambo safi kabisa:

"Nyie! Huu mti si ule!"

Kikapasuka kicheko, kisha kikafa chenyewe, maana mmoja baada ya mwingine watu walikumbuka maneno hayo ni ya nani. Mwenyekiti naye alikumbuka. Alibaki amesimama kule, mikono bado iko mdomoni.

Fundi alipogeuka alimwona baba yake. Alikuwa amekuja, amesimama nyuma ya wote na Shangazi ubavuni. Fundi alimkimbilia kama msichana mdogo. "Baba, umeona? Umeona? Hukusema uongo!"

Mzee hakutabasamu. Alitafuta jiwe akakaa, taratibu.

"Nimeona," alisema. "Kwa hiyo alikuwepo."

"Nani?"

"Kulungu, mwanangu. Alikuwepo, pale juu, na sisi tukarudi nyumbani." Alijifuta uso kwa kofia. "Miaka yote hii wananiita mwongo, nami nikasema heri. Kama niliota, basi hakuna mnyama niliyemwacha nyuma ya mti anakoroma na risasi yangu mwilini. Mimi nililala usingizi kwa jina lile. Nikakwambia kitoe, hukusikia."

Furaha yote ya Fundi ilimgeuka mdomoni ikawa chungu, akaona haya kwa kule kucheka kwake bondeni. Alikuwa ametaka sana kujua kama baba yake ni mkweli, na hakuwahi kujiuliza ukweli huo utamgharimu nini. Akapiga magoti akamshika mkono. "Nisamehe, Baba."

"Aa, inuka. Ulitaka kujua. Hata mimi nimejua." Mzee akapangusa suruali, akatazama ng'ambo ambako Mwenyekiti alikuwa bado anatangatanga. "Na yule atalala huko. Bunduki zote ni tupu?"

"Zote, Baba. Nimezikagua."

Mzee akaenda hadi alama ya kupigia. Akaweka miguu yake pale ambapo miguu ya Mwenyekiti ilikuwa, akainua mkono mmoja. Mwenyekiti akauona. Mzee akauelekeza juu, na Mwenyekiti akapanda. Akaupeleka kushoto, na Mwenyekiti akaenda kushoto, mtiifu kama mtoto anayefundishwa kutembea. Mkono ukashuka kwa nguvu. Mwenyekiti akainama majanini, na alipoinuka alikuwa ameshika sanamu. Hakushangilia. Alivua kofia.

Alirudi juu anatweta, sanamu kwapani, akasimama mbele ya rafiki yake.

"Kumbe angebaki mmoja," alisema. "Siku ile angebaki mmoja juu, akaelekeza kwa mkono."

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyesema twende wote."

"Ulikuwa na mbio siku hizo," mzee akasema. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwakani waje wawili wawili. Mmoja apige na abaki palepale, asinyanyue hata mguu. Mwenzake ndiye aende."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

Mwenyekiti aliiweka sanamu chini. Mtu yule, aliyekuwa na neno kwa kila harusi na kila msiba, alitafuta neno akalikosa, hadi mwishowe likatoka moja dogo. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Mimi?" Mzee akamshika bega, akamgeuza hadi wakatazama wote wawili kule ng'ambo, kwenye mti wa juu. "Mimi ulinicheka tu. Wa kuombwa radhi tulimwacha kule."