Kobe Aliyekohoa Salfa

Asubuhi hiyo Ida aliinjika maji, akayapima kwa kiwiko kama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga, akayamimina kwenye karai na kumweka kobe ndani. Kobe huyo aliitwa Katekista, kwa jinsi alivyonyoosha shingo kabla ya kufanya jambo lolote. Alikuwa mgonjwa tangu mikorosho ya Lisekese ianze kupuliziwa. Macho yamevimba, pua inatoa mapovu, papai hataki, mchicha hataki. Ida alimfuta macho kwa pamba na kumwambia avumilie. Katekista akafungua kinywa, akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha marehemu mumewe, Cecil. Ida alilala kando ya kikohozi hicho miaka mingi, asingeweza kukosea: kwanza mkwaruzo, kisha pumzi ndefu inayotafuta pa kupita, kisha mpasuko. Alisema, "Pole, Baba Loveness," kama alivyozoea, akaendelea kumwogesha. Kikohozi cha pili kilitoa unga wa njano, mkavu kabisa ingawa kobe alikuwa majini, ukatapakaa uani. Ilikuwa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho.

Cecil alikuwa mpulizaji katika shamba la Mzee Dunstan, ambalo linaanzia nyuma ya choo cha Ida na kwenda mbali. Kila msimu, alfajiri kabla upepo haujaanza, alijitwika mashine mgongoni, akajifunga kipande cha khanga puani, akarudi wa njano mpaka kwenye kope. Barakoa hakupewa. Alipewa maziwa, kama wapulizaji wote wanavyopewa, kwa sababu kila mtu huku anajua kwamba maziwa hukata sumu. Cecil aliyanywa kwa uaminifu misimu yote, kisha akafa. Msibani Mzee Dunstan alisimama akasema kilichomuua ni sigara. Cecil hakuwahi kuvuta hata moja. Waombolezaji walilijua hilo vizuri sana, wakatikisa vichwa kukubali, maana wengi walikuwa na watu wao shambani kwake. Ida alilisikia neno lile akiwa amekaa mkekani. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: Dunstan atamke kwa kinywa chake kwamba salfa yake ndiyo iliyomuua Cecil.

Bwana mifugo alikuja kwa bodaboda kutoka Masasi mjini. Alimgeuza kobe, akaweka sikio kwenye gamba, akasikiliza.

"Huyu ni Cecil," alisema. "Na kobe ana nimonia."

Alimchoma sindano mguuni, akaagiza maji ya vuguvugu, jua la asubuhi na chumba kisicho na vumbi. Kinachotoka, alisema, kiachwe kitoke.

Majirani walipita kumjulia hali. Vijana walichuchumaa kando ya karai wakasema, "Shikamoo, Baba Loveness," na kobe akakohoa mahali pa kuitikia. Dominika, dada wa marehemu, alishuka kutoka Newala na kuku mkononi, akakaa siku nzima akimpa kobe habari za ukoo: nani kaoa, nani kagombana na nani kwa ajili ya mpaka. Ida alimlisha mgonjwa papai lililopondwa, kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko. Salfa aliifagia, akaichekecha kuondoa mchanga, akaitia kwenye kiroba. Kiroba kilipojaa alimwita Mzee Dunstan.

Alikuja mwenyewe, na pakiti ya maziwa mkononi.

"Nimesikia mna mgonjwa, Mama Loveness. Nimemletea maziwa, yanakata sumu."

"Sumu gani, Mzee?"

"Vumbi tu. Watu husema hivyo."

Kobe akakohoa. Mzee Dunstan alivua kofia. "Pole, Cecil," alisema kwa upole, maana hakuwa mtu asiye na adabu. Kisha akainama kwenye kiroba, akachukua salfa kidogo, akaisugua kati ya vidole na kuinusa.

"Hii ni yangu," alisema. "Nzuri kabisa, haijaganda."

"Imetoka kifuani kwa mume wangu."

"Ndiyo, naona." Alijifuta vidole kwa leso. "Lakini mimi nilimpa apulizie mikorosho. Sikumpa aiweke kifuani. Na nilikuwa najiuliza kwa nini kila msimu inapungua."

Ida alihisi hasira ikimpanda mpaka masikio yakaziba. "Sema ndiyo iliyomuua," alisema. "Sema hapa, mwenyewe anasikia."

"Marehemu hasemwi vibaya, mama. Wizi huo nimeshamsamehe."

Ida aliichana pakiti kwa meno na kummwagia maziwa miguuni. Mzee Dunstan alipangusa viatu, akasema pole tena, akaita bodaboda. Kiroba kilifungwa nyuma kwa mpira, kikaondoka. Asubuhi iliyofuata mashine zilinguruma nyuma ya choo, na Cecil akapuliziwa juu ya mikorosho, mti kwa mti. Ida aliziba madirisha kwa magunia na kutukana hadi sauti ikakauka. Wapulizaji walimsikia vizuri, wakaendelea na kazi.

Katekista alipona. Kifua kilipokwisha kuwa kitupu macho yalifunguka, akala papai, akala na mchicha, na hakukohoa tena. Ida alifurahi kwa ajili ya kobe. Lakini nyumba ilikuwa kimya, na kuna nyakati alitamani mnyama yule augue tena, akajichukia kwa hilo, na kumchukia Dunstan zaidi.

Mikorosho ilizaa sana. Msimu mwingine ulipoingia, Mzee Dunstan alituma watu porini upande wa Nanganga, na kila mpulizaji mpya alipewa maziwa na kobe mmoja wa kufuga nyumbani, ili salfa isipotee. Watu walisema mzee ana moyo. Yuster, mke wa mpulizaji aitwaye Husseni, alikuja kwa Ida na kobe wake mdogo kuuliza anatunzwaje. Ida alimweleza kuhusu maji, papai na jua la asubuhi. Hakumficha kitu.

"Na ataanza lini kukohoa?" Yuster aliuliza.

"Ukishazika," Ida alisema.

Yuster alimshukuru, akamfunga kobe kwenye pindo la khanga, akawahi nyumbani kupika, maana wapulizaji hurudi na njaa.