Dakika Ishirini za Bwana Saa Sita

Mji mkuu wa kisiwa kile ni mdogo kiasi kwamba ukianza kuuzunguka huku unamenya chungwa, utarudi ulipoanzia kabla hujatema mbegu ya mwisho. Hata hivyo ni mji mkuu, na wenyewe hawapendi mtu ausahau ukweli huo. Una bandari, una benki, una redio ya taifa, una uwanja unaopokea ndege moja kwa siku, na una baraza la mji lenye madiwani tisa ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya rangi ya mapazia. Na juu ya paa la jengo la baraza kuna king'ora.

King'ora hicho hulia mara moja tu kwa siku, saa sita kamili mchana, na kikilia nchi nzima hufunga kazi na kwenda kula. Mtangazaji wa redio hukatiza wimbo, hufungua dirisha la studio, hutoa kipaza sauti nje, kisha huwaambia wasikilizaji kwa sauti nzito, "Hiyo ndiyo saa sita kamili." Hana saa nyingine ya kutangaza. Simu za mkononi zipo, tena za kisasa, lakini kwa mambo ya saa hakuna anayeziamini, maana mtandao wa kisiwa kile hata salamu huzifikisha kesho yake.

Aliyekuwa akikipiga king'ora hicho kwa miaka ishirini na tisa aliitwa Saa Sita. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa, likapumzika huko. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya mikono, na chumba chake kilikuwa chini ya paa, ngazi sitini na nne kutoka chini. Mle ndani mlikuwa na kigoda, saa kubwa ya ukutani, swichi nyekundu na daftari. Kila Jumatatu alfajiri alisikiliza redio ya nchi za mbali ili airekebishe saa yake. Kila siku akishapiga aliandika kwenye daftari: *Saa sita kamili. Imepigwa.* Ukurasa baada ya ukurasa, miaka ishirini na tisa, maneno hayo hayo. Mtu mwingine angeona uchovu mtupu. Yeye akiyapekua alijisikia kama mtu anayetazama picha za harusi yake.

Basi ndipo alipotokea Diwani Maendeleo. Watu walimwita hivyo kwa sababu kila alichokitaka alikiita maendeleo, hata siku alipotaka kiti chake kihamishiwe karibu na feni. Safari hii alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na mtambo: boksi jeupe lenye tarakimu nyekundu zinazowaka, linalojua saa lenyewe na kupiga king'ora lenyewe bila kuhitaji mtu. Lilikuwa limeshatundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa baraza ili madiwani walizoee. Kilichobaki ni kupiga kura na kuunganisha waya.

"Na mzee wetu?" Meya aliuliza.

"Mzee wetu hatumtupi, Mheshimiwa. Atakwenda idara ya bustani. Mshahara ule ule, atamwagilia maua."

Saa Sita aliyasikia hayo yote, kwa sababu ukumbi ulikuwa chini ya chumba chake na bomba la hewa lilipandisha kila neno. Kwa miaka mingi alikuwa akisikia kupitia bomba hilo madiwani wakigombana, naye akitabasamu peke yake. Siku hiyo ya Alhamisi hakutabasamu. Maua hakuwa na ugomvi nayo. Lakini ua halijui saa, ukilimwagilia saa nne au saa tisa halina habari. Nani angemhitaji kwa dakika?

Tumaini lake lilikuwa moja tu. Baraza lile lina kanuni ya tangu enzi: king'ora kikilia, kikao kimefungwa, hata kama mtu yuko katikati ya chafya. Lisiloamuliwa linasubiri mwezi ujao. Na madiwani wenyewe, kwa kuwajua, wangeweza kubishana mpaka saa sita bila kuombwa.

Siku hiyo, kwa bahati mbaya, wakakubaliana. Diwani mmoja akasema mtambo mzuri. Mwingine akasema mzuri sana. Wa tatu, ambaye kazi yake ni kupinga, alikuwa na jino linamuuma. Saa Sita akatazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika thelathini na tisa.

"Basi," Meya alisema chini, "wanaoafiki wanyooshe mikono."

Saa Sita hakumbuki kama aliamua. Anachokumbuka ni kwamba kidole chake kilikuwa kwenye swichi, mshale wa sekunde ulikuwa umefika juu, na king'ora kilikuwa kinalia. Saa tano na dakika arobaini.

Kule ukumbini mikono minane iliyokuwa inapanda ikashuka yote ikitafuta mafaili. Viti vikaburuzwa. Diwani Maendeleo peke yake alibaki amesimama, mkono juu, akiukodolea macho mtambo wake. Tarakimu nyekundu zilisema saa tano na dakika arobaini. Akatazama saa ya mkononi. Nayo ilisema vivyo hivyo. Akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Mheshimiwa Meya," akaanza, "mbona kama bado..."

"Kikao kimefungwa," Meya alisema, huku ameshika kofia. "Lakini hilo boksi lako, diwani, linachelewa dakika ishirini. Siku ya tatu tu tangu litundikwe!"

Huko juu, Saa Sita alifungua daftari. Kalamu ilikuwa nzito. Akaandika *Saa sita kamili*, akasimama, akajifuta jasho, akaandika *Imepigwa*. Sehemu hiyo ya mwisho angalau ilikuwa ya kweli.

Akashuka akitarajia kukutana na polisi. Akakutana na mji mzima unakwenda kula. Benki imefunga. Wanafunzi wamemwagika barabarani. Kinyozi wa pembeni mwa posta alikuwa anafunga mlango, na mteja wake amekaa kwenye ngazi, kichwa upande mmoja kimenyolewa, upande wa pili msitu. "Saa sita ni saa sita, kaka," kinyozi alikuwa anamwambia. "Rudi saa nane." Mteja hakubisha. Kuna mtu mmoja tu aliyesema mbona leo asubuhi imekuwa fupi, na mwenzake akamjibu kwamba ndivyo uzee unavyoanza.

Nyumbani, mkewe alikuwa jikoni. Kwa miaka yote ya ndoa yao mume aliingia saa sita na dakika kumi na mbili, na sahani ilikuwa mezani saa sita na dakika kumi na mbili. Safari hii sufuria ilikuwa bado inatokota.

"Baba watoto, maharage yangu hayajaiva."

"Labda moto ulikuwa mdogo, mama watoto."

Mkewe alitoa kichwa mlangoni, akatazama kivuli cha paa uani. Kila siku mume akiingia, kivuli hicho kinakuwa kimegusa kizingiti cha jiko. Leo kilikuwa mbali, kama viganja viwili. Akakitazama kivuli, akamtazama mume, na mume akatazama viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona. Halafu mama yule akapakua. Walitafuna yale maharage kimya, na kila punje ilisikika.

Mchana huo fundi saa, ambaye kwa kawaida huwa na wateja wawili kwa wiki, alipata foleni iliyokata kona. Watu wote walitaka saa zao zisogezwe mbele dakika ishirini. Walikuja na za mkononi, za ukutani, na mama mmoja alikuja na ya mezani amembebesha mgongoni mwanawe wa kiume ambaye ndiye aliyedaiwa kuiharibu. Fundi mwenyewe alipoona saa zake zote kumi na nane zinakosea kwa pamoja, hakushuku king'ora. Alishuku unyevu wa hewa.

Ijumaa, baada ya dua ya asubuhi ofisini, Meya alimwita Saa Sita. Mtambo ulikuwa mezani, umefungwa kamba, tayari kurudishwa ulikotoka. Barua ilikuwa juu yake, nayo ilieleza kwamba chombo hicho kimeshindwa kwenda na wakati wa nchi hii.

"Mheshimiwa," Saa Sita alisema, maana usiku kucha dhamiri ilikuwa imemkalia kifuani, "kuna jambo lazima niseme. Jana, mimi..."

"Usiseme kitu!" Meya alimshika mabega. "Unyenyekevu wako tunaujua. Kama si wewe jana tungeishi na saa ya uongo mpaka tunakufa. Nenda mzee, nenda juu, usije ukachelewa kwa sababu yangu."

Alipanda ngazi sitini na nne akiwa mtu mwenye kazi yake na asiye na raha. Akakaa kwenye kigoda. Na hapo ndipo alipoona balaa alilojiletea. Saa yake ya ukutani, saa ya kweli, ilisema saa tano na dakika thelathini na tano. Lakini kule chini, watu walikuwa wameanza kufunga mafaili na kutazama paa. Saa za mji mzima zilisema saa sita kasoro dakika tano. Akipiga saa sita ya kweli, ataonekana kachelewa dakika ishirini, na lile boksi litafunguliwa kamba hata kabla halijafika bandarini. Akipiga saa tano na dakika arobaini, atakuwa mwongo leo, kesho, na siku zote mpaka wamzike, na watamzika dakika ishirini kabla ya wakati.

Alishika kichwa. Akawaza weee, mpaka ikabaki dakika moja. Kisha akafanya jambo la mtu mtaratibu. Alipiga saa tano na dakika arobaini na moja.

Dakika moja nani anaiona? Watu walirekebisha saa zao kidogo, wakaenda kula. Kesho yake akapiga saa tano na arobaini na mbili. Keshokutwa, na arobaini na tatu. Jumamosi, Jumapili, hakuruka siku. Mji mkuu mzima, na nchi nzima nyuma yake, ulianza kurudi kwenye saa ya kweli kwa mwendo wa kinyonga, bila hata mmoja kujua kwamba yuko safarini.

Uwanja wa ndege ulikuwa umepata aibu siku ile ya kwanza, ndege ikionekana imechelewa dakika ishirini wakati rubani akiapa kwamba hajabadilisha kitu. Sasa ndege ikaanza kujirekebisha, dakika moja moja, na meneja wa uwanja akapongezwa redioni kwa juhudi zake. Alishukuru, akasema siri ni nidhamu. Diwani Maendeleo alinunua saa mpya, akaona inakimbia dakika moja kila siku, akaenda kumfokea fundi saa mpaka watu wakajaa mlangoni.

"Saa gani hii? Kila siku nairudisha nyuma!"

"Mheshimiwa," fundi alijibu, naye kachoka, "hata zangu zinakimbia. Nadhani ni maendeleo."

Na nyumbani? Nyumbani mkewe hakuuliza lolote. Kitu kimoja tu kilimshangaza Saa Sita: tangu ile siku ya kwanza, hakula tena maharage magumu. Aingie saa ngapi, sahani iko mezani, inatoa mvuke. Alidhani mkewe ameanza kuloweka mapema. Hakuwa na ujasiri wa kuuliza, maana swali hilo lingezaa swali jingine.

Siku ya ishirini alikaa kwenye kigoda akiikazia macho saa ya ukutani. Mshale mrefu ulipanda taratibu, ukaulalia ule mfupi, sekunde ikafika juu, naye akabonyeza. King'ora kikalia. Akakisikiliza mpaka mwisho, machozi yanamlengalenga, kisha akafungua daftari akaandika *Saa sita kamili. Imepigwa.* Hakuna neno katika sentensi ile lililokuwa la uongo. Akashuka ngazi akipiga mluzi, jambo ambalo mlinzi wa mlangoni hakuwahi kulisikia.

Saa sita na dakika kumi na mbili aliingia uani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, anatazama chini. Kivuli cha paa kilikuwa kimegusa kizingiti.

"Tumefika?" mkewe akauliza.

Saa Sita alitaka kujifanya haelewi. Akakitazama kile kivuli. "Tumefika," akasema.

"Afadhali. Kila siku kuinjika sufuria dakika moja baadaye, baba watoto, si kazi ndogo. Na mimi sina saa ya ukutani. Nina kivuli tu."

"Ulijua siku zote hizo! Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wakupeleke kwenye maua?" Alisema hivyo kama anayegomba, lakini sauti ilimkatika katikati. "Mtu wa bustani anarudi nyumbani saa ngapi? Leo saa saba, kesho saa tisa, kutegemea jua. Miaka ishirini na tisa mimi najua dakika utakayoingia kwenye mlango huu. Nikianza kuchungulia barabara kwa umri huu, nitaweza?"

Saa Sita alimpokea mwiko, akauweka mezani, akamshika mkono, wakasimama hivyo uani mchana kweupe, watu wazima wale, mpaka jirani akakohoa.

"Haya, kaa ule," mkewe alisema, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Saa sita na robo sasa."

Ilikuwa saa sita na robo kweli. Akala sahani mbili.