Divai Isiyo na Povu

Wazee wa kanisa kule Kabuta walikuwa na kipimo kimoja tu: kinachotoa povu ni pombe. Divai ya mananasi ya Rosalie ilitoa povu, basi wakamtenga na meza ya Bwana. Mwezi wa nne wa kutengwa kwake ulipoanza walimpa nafasi: alete chupa, imiminwe mbele yao, ikitulia, atarudi.

Rosalie alifundisha kemia Pweto, upande wa Kongo, kabla vita havijamvusha ziwa. Alijua kuwa kipimo kile hakipimi kitu. Povu ni kaboni dayoksaidi, gesi ambayo hamira huitoa inapokula sukari, ikabaki imeyeyuka ndani ya divai; kilevi ni kitu kingine kabisa. Lakini mumewe alizikwa ng'ambo, na ndugu aliobaki nao huku walikuwa hao wa kanisa. Tangu atengwe, walikuwa wakimsalimu kwa kidevu tu, bila kumpa mkono.

Akaianika chupa kubwa juani, kwa kuwa divai ya baridi huishikilia gesi. Ilipopata joto akaikoroga kwa mti mrefu, polepole, isimeze hewa ikageuka siki.

"Mulamu, ile njo divai ao unasonga bukari?" akacheka mke wa shemeji yake, aliyeitwa Mimi, akiuangalia mti unavyozunguka kama mwiko wa ugali.

"Natosha gazi, itoke yote. Lete pompi."

Ilikuwa pampu ya baiskeli, ambayo Rosalie alikuwa ameigeuza ngozi na vali ili ivute badala ya kusukuma. Aliichomeka kwenye kizibo akavuta. Vipovu vikapanda kwa maelfu. Alirudia siku tatu, mpaka divai ikavutwa isitoe hata kipovu kimoja.

Siku ya kikao, Papa Zéphirin, mkubwa wa wazee, alimimina bilauri, akaitikisa, akaiinua dirishani.

"Imekufa kabisa," alisema, akatabasamu. Alikuwa anataka kumsaidia. "Basi, mama, nguvu yote imetoka. Sema tu ndiyo, tuandike."

Mimi alimkanyaga Rosalie mguu.

"Gazi njo imetoka, papa," alisema Rosalie. "Kilevi kiko mulemule. Povu haileweshake mutu."

Papa Zéphirin aliweka kalamu chini. "Tunakufungulia mulango, mwalimu, weye unatujengea ukuta."

Chupa ilibaki kwa wazee, hakuna aliyemrudishia.

"Neno moja, mulamu!" Mimi alifoka njiani. "Petro alikana mara tatu, na kanisa wakamupa!"

"Ingekuwa bongo, uongo mutupu."

"Bongo ya nani? Wazee beko banataka kukurudisha!"

Rosalie aliongeza mwendo.

Jumapili, kikombe kilipoletwa, alitoka nje kama sheria ya waliotengwa ilivyotaka. Pale kwenye benchi la nje alikuwapo Sampa peke yake, aliyekamatwa akiiba nyavu za wenzake.

Sampa akasogea, akampisha nafasi kama mtu wa nyumba moja.