Kitufe cha Kushoto

...na kama mkono wa mdogo wake ungekuwa mzima asingesimama hapa kama nguzo ya umeme, angechukua ya kwanza iliyo karibu akaenda zake, lakini mkono si mzima, na muuzaji, dada mmoja mwenye miwani na sauti isiyochoka, ameshaziweka zote mbili juu ya kioo cha kaunta, kibodi huku, pedi ya kuchezea gemu huku, kibodi ndiyo aliyoiomba yeye, pedi kaileta dada kwa hiari yake, na sasa anaisifu kama anamwozesha binti, "hii kaka inakaa mkononi yenyewe, unajitupa kwenye kochi, mabega yanapumzika, unacheza gemu saa tatu nne hata husikii, kibodi lazima meza, lazima kiti cha maana, ukikosea kiti kiuno kinakulilia," na yeye anaitikia kwa kichwa huku akiwaza kwamba kioo hiki kingevunjika kwa ngumi moja, moja tu, hapa katikati, vipande viruke mpaka kwenye miwani ya dada wa watu ambaye hajamkosea lolote, angepiga tu asikie kitu kikivunjika, maana siku tisa sasa kila anachokishika anatamani kukivunja, kikombe, mlango, shingo... Anakunja ngumi chini ya kaunta, ngumi inamuuma, vigaga vya vidole vimepasuka tena, ni juzi tu alimpiga nayo msimamizi wa zamu, pale getini kiwandani, watu wote wakitazama, ya kwanza ya taya, ya pili ya mdomo, ya tatu hakujua imeingia wapi, aliona tu jino limeanguka juu ya kiatu chake, jino dogo la manjano, na yule mzee amekaa chini anajishika mdomo, damu inapita katikati ya vidole, vidole kumi, anavyo vyote kumi, anasema "sikufunga mimi, haki ya Mungu sikufunga mimi," na watu wakapiga kelele za furaha, wakamshika mabega, "huyo ndiye kaka bwana, damu nzito kuliko maji," na mama nyumbani, mama ambaye humgombeza hata akifunga mlango kwa kishindo, siku hiyo hakumgombeza, alitia chumvi kwenye beseni la maji akamwosha ngumi mwenyewe, polepole, kama anamwogesha mtoto, akasema "kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, mtu mnakula naye mchana mmoja kumbe ndiye," na yeye alikaa pale ameloweka mkono, akiomba maji yale yachemke.

"Ni ya kwako au ya kumpelekea mtu?" dada anauliza. Ya mdogo wangu, anasema. "Aaa, mdogo. Mkono wake ukoje, mkubwa, wa kawaida? Maana pedi nyingine ni nene, mkono ukiwa mdogo unachoka." Mkono wake ukoje... Dada, mkono wake wa kulia hauna neno, wa kushoto una kidole gumba, una kidole cha mwisho, na katikati pale kuna bandeji, na chini ya bandeji kuna nyuzi kumi na moja, alizihesabu mwenyewe walipobadilisha kitambaa, mdogo wake akiutazama mkono kama mtu anayetazama nyumba iliyovunjwa, lakini huwezi kumwambia muuzaji hivyo, kwa hiyo anasema wa kawaida, mkono wa kawaida. Nyuma yake mteja wa ndevu anajaribu pedi nyingine kwenye skrini ya dukani, mtu wa upanga anamfyeka mwenzake, kichwa kinaruka, damu ya kompyuta inapaka ukuta, mteja anaguna kwa utamu, na dada anasema bila hata kugeuka, "hao wa kuua-ua wengi wanapenda kibodi, wanasema unalenga vizuri." Anaweka mkono wake wa kushoto juu ya kibodi, vile wachezaji wanavyouweka, hana haja ya kufikiri, vidole vinaenda vyenyewe, cha kati mbele, cha shahada kulia, cha pete kushoto, gumba linalala chini halina kazi kubwa, cha mwisho kinaning'inia pembeni, vidole vitatu ndivyo vinavyotembea, vitatu vya katikati... anauondoa mkono haraka kama kibodi ina moto.

Kwa sababu ni vitatu hivyo hivyo. Mashine ile kiwandani ni ya kukata vifuniko vya makopo, bati linaingia, kisu cha mviringo kinashuka kwa kishindo cha kutikisa meno, kifuniko kinaanguka, na ili kishuke lazima ubonyeze vitufe viwili vyekundu, cha kushoto kwa mkono wa kushoto, cha kulia kwa mkono wa kulia, kwa wakati mmoja, yaani aliyeitengeneza alikuwa na akili, alitaka mikono yote miwili iwe mbali kisu kikishuka, lakini mikono miwili inachelewesha, zamu ina idadi yake, kwa hiyo watu wana ujanja wao, unakata utepe wa tyubu ya baiskeli, unakifunga kitufe cha kushoto kikae kimebonyea muda wote, halafu mkono wa kulia unabonyeza, wa kushoto unalisha bati, mara mbili ya kasi, wote wanafanya, msimamizi anajua na anatazama pembeni, na sheria yao ni moja tu, haikuandikwa popote, ila hata anayeanza kazi leo huambiwa kabla ya kuonyeshwa choo, aliyefunga ndiye anayefungua. Zamu ikiisha unafungua. Usipofungua, unamwambia anayeingia. Kusema tu, "nimefunga hiyo," maneno mawili, na anayeingia siku ile alikuwa mdogo wake, tumbo moja, chumba kimoja miaka kumi na sita, na hakumwambia, kwa sababu walikuwa hawasemeshani.

Hawasemeshani kwa ajili ya gemu, Mungu wangu, gemu. Jumapili mchana, sebuleni, mdogo wake na pedi, yeye na kibodi, ndivyo ilivyokuwa tangu utotoni, pedi ilikuwa moja na mdogo ndiye anayelia akinyimwa, mama akasema mwachie, wewe mkubwa, akamwachia, akamwachia miaka yote, na miaka yote akafyekwa, akachomwa mkuki, akasukumwa majabalini, na Jumapili ile akafyekwa mara sita mfululizo mbele ya mke wake na wanawe, mwanawe wa kiume akishangilia upande wa baba mdogo, na mdogo akageuka na lile cheko lake, "braza, wewe hata kuua hujui," watu wakacheka, mkewe naye akacheka, si sana, lakini alicheka, na yeye akaipokonya ile pedi akaipiga ukutani, ikapasuka, kipande kikamkata mdogo wake juu ya sikio, wakashikana makoo kati ya kochi na meza, watu wazima, gumba lake lilikuwa kwenye koo la mdogo wake na alilisikia koo likimeza, mpaka mke akawamwagia maji ya ndoo. Siku mbili hawakusalimiana. Ya tatu, zamu ilipoisha, alimwona mdogo wake anakuja anavaa aproni, akageuza uso, akachukua koti, akapita. Basi. Ndivyo anavyojisimulia, nilisahau, hasira zilinipofusha, hasira hasara, binadamu husahau... na kila anapofika hapo kwenye nilisahau anaharakisha, haliangalii neno lenyewe, kama ile ngumi ya tatu ambayo hakujua imeingia wapi.

"Kaka, jaribu basi," dada anasema, anamtia pedi mikononi, anaichomeka kwenye skrini, "shindana na huyu mzee wa ndevu, uone raha yake," na mzee wa ndevu anacheka, "njoo nikuchinje," na mtu wake wa upanga anasimama uwanjani akimsubiri. Anaishika. Halafu, hajui kwa nini, anavikunja vidole vitatu vya mkono wa kushoto, anavibana kwenye kiganja, anaacha gumba na cha mwisho. Gumba linapata kile kijiti cha kutembelea. Cha mwisho kinaingia chini, kinaibeba pedi kwa upande ule. Mtu wake anatembea. Anayumba kidogo, lakini anatembea, mbele, nyuma, anazunguka, kitufe cha juu kushoto hakifikiki, "kile unakihamisha," dada anasema, "kwenye mipangilio, kazi ya kushoto unaileta kulia, dakika moja," kwa hiyo inawezekana, pedi inawezekana, mdogo wake anaweza kujitupa kwenye kochi na gumba lake na kidole chake kimoja akafyeka watu kama zamani, na kibodi ndiyo haiwezekani, kibodi inataka vile vitatu, vile vile, hakuna kitu dukani humu mote kinachovitaka vile vitatu kama kibodi, na mtoto yeyote aliyecheza siku mbili anajua hivyo, na yeye amecheza miaka ishirini... na aliingia mlango ule akasema nini? Aliingia akasema, dada naomba kibodi. Hakuulizwa. Aliitaja mwenyewe. Alikuwa na sababu zake njiani, zimepangwa vizuri, kibodi inakaa mezani, haihitaji kushikwa, haimchoshi mgonjwa, sababu nzuri kabisa, za mtu mwema, na chini ya sababu, kule chini, alikuwa anaenda kumpelekea mdogo wake zawadi ambayo hatashinda nayo tena maisha.

Upanga wa mzee wa ndevu unamwingia tumboni. Hajitetei. Anaacha. Mzee anasema "pigana basi, bwana!" na upanga unaingia tena, na tena, na kila ukiingia pedi inatetemeka viganjani, dada anasema hiyo nayo raha yake, unausikia mpigo, na anausikia, na sasa hana pa kujificha, kwa sababu mtu aliyeomba kibodi ni yule yule aliyefika getini siku ile. Alifika getini. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, mkono unatafuta sigara mfukoni, ukakuta kipande cha tyubu kilichobaki, akakumbuka. Hakusahau. Alikumbuka, wazi kabisa, kitufe kimefungwa, na mdogo wake ana tabia ya kuegemea kitufe cha kulia akichomoa bati lililonasa kwa mkono wa kushoto, wote wanaegemea, wanajua mashine haishuki bila mikono miwili, na alisimama, akavuta moshi mara ya kwanza, akasema moyoni, ataona mwenyewe, si anajifanya mjuaji. Mara ya pili. Ya tatu, na ukelele ukaja, si wa mtu, wa mnyama, akakimbia, ndiyo, alikuwa wa kwanza kufika, kila mtu anamsifu kwamba alikuwa wa kwanza kufika, wakati wengine wanamshika mdogo wake asianguke, damu imeruka mpaka kwenye vifuniko, vifuniko vyekundu vinateremka kwenye sanduku kimoja kimoja, yeye aliufungua ule utepe wa mpira, akautia mfukoni. Ndipo akamshika ndugu yake. Kwanza mpira. Wote walijua kulikuwa na mpira, mashine haishuki kwa mkono mmoja bila mpira, swali likawa nani, na mtu mmoja akasema alimwona msimamizi ameinama pale zamu zikibadilishana, na yeye akanyamaza, na kunyamaza kukawa ushahidi, na ushahidi ukawa ngumi, tatu, na jino.

Na haikuishia kwenye jino. Mdogo wake juzi alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, amelala, mkono juu ya mto, akasema "umenilipia, braza, lakini jino moja halilipi vidole vitatu, nikitolewa nyuzi naenda mwenyewe na nyundo, namlaza mkono juu ya tofali, kimoja, kingine, kingine, na wewe utamshika," na nyuzi zinatolewa kesho asubuhi, na nyundo iko chini ya kitanda, aliiona, na alisema nitamshika. Alisema. Anauona mkono wa yule msimamizi juu ya tofali, mkono wa kuandika zamu, wenye wino kwenye kucha, na unaposhuka ule mpigo ni mikono yake yeye inayoushikilia usitoke... mficha uchi hazai, mama husema, na mama ndiye aliyemwosha ngumi. Basi atasema. Leo, kabla ya nyuzi, mama akiwepo, mkewe akiwepo, wale wale waliocheka Jumapili, na hatasema nilisahau, atasema nilikumbuka, nikavuta sigara, na mdogo wake atainuka, anamjua, atainuka na mkono wenye nyuzi ule ule, na mlango atakuwa ameufunga yeye kaka mtu mwenyewe kwa ndani, na nyundo iko pale pale chini, na hatakimbia, na kama mama atalia na alie. Atasema kwanza, pedi baadaye. Ukimpa mtu zawadi mkononi kwanza, umemfunga asikupige.

Skrini imekuwa nyekundu yote, mzee wa ndevu anatikisa kichwa, "huyu hata kufa hajui," na anaanza mchezo mwingine na mashine. Anaikunjua mikono, anairudisha pedi juu ya kioo, pembeni ya kibodi, vile vile zilivyokuwa. "Kaka, nakusubiri wewe," dada anasema, "nikufungie ipi?" na yeye anaingiza mkono mfukoni, suruali ni ile ile, siku tisa hakumpa mke aifue, na anachotoa ni utepe mweusi wa tyubu, umekauka, umekunjamana, una doa ambalo si la mafuta, anauweka katikati ya pedi na kibodi. Dada anausukuma kidogo kwa ncha ya kalamu. "Na hiki cha nani?"

"Changu," anasema. "Nilifunga mimi."