Nyumba Tisa za Torlanach

"Hapa mmeandika hakuna kitu," shangazi yangu Beathag alisema, akimrudishia Bwana Rennie ramani yake. "Haya, twende ukaone hicho hakuna kitu."

Tulianza kupanda kilima cha Torlanach asubuhi ya Agosti, watu watatu: shangazi na miaka yake sabini na mitatu, Rennie wa ofisi ya misitu, na mimi, mchoraji wake wa ramani. Wiki ile iliyofuata matrekta yangelima kilima kizima, misonobari ipandwe. Ramani niliichora mimi. Nilikulia chini ya kilima kile, magofu yake nikiyajua. Lakini niliambiwa mawe ya mazizi hayachorwi, nami nilikuwa mgeni kazini, mwanamke peke yangu katika chumba kile. Nikanyamaza.

Msituni, katikati ya miti yenye magome meupe, Rennie alianza kuhema.

"Polepole, mama."

"Mama yako yuko Perth. Mimi niite Beathag, na ufunge kamba za viatu."

Miti ikaisha, tukaingia kwenye fraoch, kichaka chetu kinachofika magotini, zambarau tupu hadi kileleni, nyuki wakivuma ndani yake. Hapa na pale palikuwa na viraka vya kijani, nyasi na upupu. Shangazi akasimama kwenye cha kwanza.

"Upupu huu hauoti mlimani hivi hivi. Unafuata majivu na samadi, pale watu walipoishi. Piga magoti, kijana, uchimbe."

Rennie, mtu wa miaka hamsini, akapiga magoti. Alikata nyasi kwa kisu, akafukua udongo kwa mikono mpaka likatokea jiwe bapa la jiko, jeusi kwa moshi. Akaliwekea kiganja.

"Hapa ni kwa Mòr, bibi yake babu yangu," shangazi alisema. " Kabaila alipotaka malisho ya kondoo, askari walimtoa na kitanda chake, wakachoma paa. Chungu kilikuwa bado jikoni."

"Mimi niliambiwa ni zizi," Rennie alisema taratibu. "Nani alipima hapa?"

Ningeweza kutazama nyuki tu, nisijibu.

"Mimi," nikasema. "Na nilijua."

Shangazi hakugeuka. Alishika njia kutoka kijani hadi kijani, akitaja: kwa Uilleam mhunzi, kwa wale mapacha, kwa mjane Ealasaid. Nilimfuata nikipima kwa hatua na kuandika, mkono wangu imara kuliko siku yoyote ofisini. Kwenye nyumba ya tisa alisimama.

"Hii siijui. Bibi hakuniambia."

"Basi niiache, nisiichore?"

"Uiache kwa nini? Kwani hawakupika humu?"

Matrekta yalikuja, yakayazunguka magofu yale. Leo misonobari imefunga pande zote, lakini pale juu bado jua linafika chini, na fraoch inachanua kila Agosti. Ramani ina miraba tisa, minane ina majina. Wapanda mlima huniuliza kama huo mmoja usio na jina niliusahau.

Huwaambia hapana.