Kibaba cha Ndeshi

Mizani ilifika Jumatatu kwa gari la ng'ombe kutoka Moshi, imezungushiwa majani makavu. Kufikia adhuhuri ilikuwa mezani jikoni. Mikidadi, mwoka mikate aliyetoka Pangani, aliitazama kwa uchovu. Miaka kumi na minane alikuwa akipima unga kwa kibaba cha mti, na hakuna aliyewahi kurudisha mkate wake. Lakini kitabu cha keki cha Bibi, mke wa Mjerumani mwenye shamba, kilihesabu kwa gramu. Mikidadi akaagizwa apime kibaba kimoja cha kila kitu, uzito wake uandikwe ubaoni.

Sukari ilitoa gramu mia tano na tisini. Chumvi, mia saba na kitu. Kwenye unga wa ngano ndipo kazi ilipokwama kidogo.

Unga ulisagwa uani na wanawake wanne wa kijiji cha Akheri. Waume zao walikuwa wamekimbilia msituni, juu ya Mlima Meru, kukwepa kazi ya lazima shambani. Bwana mwenye shamba akawakamata wake zao mpaka waume warudi. Kibaba cha mwanamke wa kwanza kilikuwa gramu mia nne. Cha wa pili na wa tatu, vivyo hivyo. Cha Ndeshi kilikuwa kilo tatu na gramu mia mbili.

Mikidadi aliumwaga, akauchekecha, akachota upya na kusawazisha kwa kisu. Kilo tatu na mia mbili.

"Ndeshi! Unga wako una nini?"

Ndeshi alikuja mlangoni akijifuta mikono. "Shikamoo, baba. Ni uzito wa mtoto wangu. Walinichukua akiwa na siku tano. Yuko kwa mama."

"Marahaba. Wa kiume?"

"Wa kiume."

Bibi aliikagua mizani, akasema imeundwa vizuri, haiwezi kukosea. Unga wa Ndeshi ukapewa mstari wake ubaoni. Mikate iliumuka kama siku zote.

Tangu hapo, kila asubuhi Ndeshi alisimama mlangoni asikie uzito kabla ya kushika jiwe la kusagia. Juma la pili kibaba chake kilifika kilo tatu na nusu.

"Mama amepata mbuzi wa maziwa," alisema, akacheka. Mikidadi, ambaye hakujaliwa mtoto, alianza kupima unga huo kabla ya kitu kingine chochote.

Juma la tatu uzito ukashuka. Tatu na mia tatu. Tatu na mia moja. Mikidadi alikwenda barazani kwa Bibi.

"Bibi, yule mwanamke akanyonyeshe. Siku mbili tu. Nitasaga mimi."

Bibi hakuwa mkali. Alisema hata yeye anaona huruma, ila neno la Bwana ni moja: mume arudi kwanza. Kisha akauliza kama mayai yanapimwa na maganda yake.

Kesho yake Mikidadi aliona kitanga cha unga kikipanda, akakikandamiza kwa kidole kabla Ndeshi hajafika mlangoni.

"Tatu na mia mbili," alisema. "Amepata nafuu."

Ndeshi aliitazama mizani kwa muda.

"Baba," alisema taratibu, "toa kidole."

Akakitoa. Mbili na mia nane.

Ijumaa kibaba cha Ndeshi kilikuwa gramu mia nne. Mikidadi alipima mara moja tu.

"Mia nne," akasema, maana ilibidi mtu aseme.

Ndeshi aliitikia kwa kichwa. Ngano ya siku ile ilikuwa bado nusu gunia, akarudi kwenye jiwe. Wenzake walimsogelea, wakasaga wote wanne bega kwa bega bila kuimba. Jikoni, Bibi alifuta ule mstari wa ziada, akasema sasa hesabu imenyooka. Jumapili alioka keki yake, ikatoka vizuri.

Baada ya siku nane mume wa Ndeshi alishuka kutoka msituni. Akapewa jembe. Ndeshi akaambiwa aende kwao. Akamuaga Mikidadi kwa mikono miwili, akashika njia ya Akheri bila haraka.

Mahali pake akaletwa mwanamke kutoka Maji ya Chai, nguo yake imelowa maziwa kifuani. Alimwamkia Mikidadi, akaonyeshwa jiwe, akapiga magoti. Mikidadi alimwitikia. Kisha akaingia jikoni, akatoa mawe ya kilo kabatini na kuyapanga kando ya mizani, moja, mawili, matatu.